Mashine Imeona. Sasa Nani Atasikiza?

Kila nikipost kitu kuhusu akili mnemba, komenti tatu za kwanza huwa zilezile. Wa kwanza atasema, "Itatuchukulia kazi." Wa pili, mara nyingi msee anayesomea CPA jioni baada ya kutoka job, atauliza, "Sasa nimalizie paper zilizobaki ama niwachane nazo?" Wa tatu ndiye hupata likes nyingi zaidi: "Wacheni ikuje. Wekeni AI pale Treasury na wizi utaisha kesho asubuhi."

Leo namjibu huyo wa tatu. Nikimalizana naye, wa pili atakuwa amepata jibu lake pia.

Jibu fupi ni hili. Ukisoma historia ya skendo zetu kubwa za pesa za umma, utakuta tena na tena kwamba kulikuwa na mtu ndani ya ofisi aliyeona mapema. Aliona, akaandika, wakati mwingine akapiga kelele. Kilichokosekana ni wa kumsikiza. AI inatuongezea macho, na macho ni kitu kizuri. Lakini wale wanaomiliki masikio ni walewale. Kama unataka jibu refu, vuta stuli ukae, tupitie miaka kama themanini hivi.

Mkaguzi wa ndani ni nani kwanza?

Watu wengi wakisikia neno "auditor" wanamfikiria yule anayekuja mara moja kwa mwaka na faili zake, anakaa wiki kadhaa, anaandika ripoti, anaenda. Huyo ni mkaguzi wa nje. Kwa serikali yetu, huyo ni Mkaguzi Mkuu. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 kinampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha ili awe amekagua na kuripoti. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Piga hesabu: shilingi iliyotoka Julai ya mwaka huo inaweza kukaa karibu mwaka na nusu kabla ripoti haijafika Bungeni. Kufikia hapo imeshajenga nyumba, imeezeka, na imenunua gari.

Mkaguzi wa ndani ni mtu tofauti. Yeye ameajiriwa na ofisi hiyohiyo. Anapanda lift moja na mhasibu, wanakutana kwa foleni ya chai. Kazi yake ni kuangalia mwaka mzima kama taratibu zinafuatwa, na kusema kama kuna mahali panavuja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka ukaguzi wa ndani uwepo katika taasisi za serikali ya kitaifa na kwa kaunti pia.

Kama bado haijashika, fikiria chama cha mathee wako. Mweka hazina ana daftari. Desemba mnaita mtu wa nje aangalie kabla hamjagawana: huyo ni wa nje. Lakini kuna yule shosho mmoja ambaye kila mkutano anachukua daftari, anaweka M-Pesa statement kando yake, anavaa miwani, halafu anauliza polepole, "Hii elfu tatu ya tarehe kumi na nne ilienda wapi?" Huyo ndiye mkaguzi wa ndani. Wote wanamheshimu na hakuna anayetaka kuketi karibu naye. Na shida yake ni kwamba mweka hazina ni jirani yake, pengine hata ni dada wa mume wake. Akisema sana, maisha ya ploti yatakuwa magumu. Shikilia hapo, tutarudia hiyo shida.

Enzi ya kalamu

Kazi hii ilipata jina na chama chake mwaka wa 1941, New York, wakati watu 24 walipoanzisha Institute of Internal Auditors. Wakati huo kukagua kulikuwa kufungua daftari, kutoa risiti, kulinganisha, kuweka tiki. Daftari inayofuata. Tiki.

Hata mitaa yetu ya Eastlands imezaliwa kwenye enzi hiyo ya karatasi. Mbotela imepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa KAU aliyeuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Ofafa, ile ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, ni jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa 1953. Nyumba zilipojengwa na Council, kila mlango ulikuwa mstari kwenye daftari: namba ya nyumba, jina, kodi. Kama ungetaka kujua kwamba kodi yote iliyolipwa imefika City Hall, ingebidi mtu akae na risiti mkono huu na daftari mkono ule, mlango kwa mlango, mtaa kwa mtaa.

Hakuna binadamu anaweza kumaliza hiyo kazi. Kwa hivyo wakaguzi wakaanza kutumia sampuli. Kama vocha ni elfu kumi, unachagua mia moja au mia mbili, unazikagua vizuri, halafu unakadiria zilizobaki. Ni njia halali na ina hesabu zake. Lakini ina mwanya, na mwizi wa ofisini anaujua kabla hata ya mkaguzi. Ukiwa na vocha kumi chafu ndani ya elfu kumi, uwezekano wa kushikwa kwa sampuli ya mia moja ni mdogo. Ukijua pia mkaguzi hupenda kuangalia malipo makubwa, unakata malipo yako vipandevipande yapite chini ya mstari.

Mwaka wa 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi kwa sababu ya usimamizi mbaya na kuweka tume, ambayo ilikaa hadi 1992. Wale wazee wa mtaa waliokuwa hapa wakati huo watakwambia jinsi huduma zilivyoenda. Hoja yangu ni ndogo tu: enzi ya karatasi haikuwa enzi ya waaminifu. Ilikuwa enzi ya giza, na kukagua kulikuwa kuwasha kiberiti mara moja moja.

Kompyuta inaingia, na mwizi anaingia nayo

Mwaka wa 1973, Marekani, kampuni ya bima ya Equity Funding iliporomoka. Ilikuwa na bima za maisha kama elfu tisini na saba kwenye mitambo yake. Karibu elfu sitini na nne kati yake zilikuwa za watu ambao hawakuwahi kuwepo. Kompyuta ndiyo ilisaidia kuwaumba. Wakaguzi walipoomba kuona faili, wafanyakazi walikaa usiku wakiziandika upya ili zilingane na kilichoko kwa mashine.

Unajua ilijulikana vipi? Aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, Ronald Secrist, alipiga simu kwa mchambuzi wa hisa. Mtambo wenyewe haukusema chochote. Mtu ndiye alisema.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1990 na kuendelea, kampuni inayoitwa Goldenberg International ilikuwa inalipwa na serikali ya Kenya fidia ya kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Sheria ilikuwa imeweka fidia ya mauzo ya nje kuwa asilimia 20. Goldenberg ilipewa asilimia 35. Na nchi yenyewe haikuwa na migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo. Mabilioni yakatoka.

Ndani ya Benki Kuu kulikuwa na karani kijana, David Munyakei. Hakuwa bosi. Karatasi zilipita mezani kwake, na alipoziangalia aliona haziingiliani. Mwaka wa 1993 nakala zikafika kwa wabunge wa upinzani, na nchi ikajua. Munyakei alishikwa na kufutwa kazi. Alihamia Mombasa, akaanza maisha upya. Tume ya Bosire ilikuja kuchunguza Goldenberg mwaka wa 2003, miaka kumi baadaye. Transparency International ya Kenya ilimpa tuzo ya uadilifu. Lakini kazi yake ya benki hakurudishiwa, na alifariki 2006 akiwa maskini, akiwa hajafika hata miaka arobaini.

Nataka utulie hapo kidogo. Huyo alikuwa rika letu wakati anafanya hayo. Hakuwa na AI wala programu ya kugundua wizi. Alikuwa na karatasi na akili yake ya kuzaliwa, na alitoa jibu sahihi. Tatizo la Goldenberg halikuwa data.

Usidhani ni Kenya peke yake. Mwaka wa 2002 kampuni kubwa ya simu ya Marekani, WorldCom, ilikuwa inaficha gharama zake ili ionekane inapata faida. Mkuu wa ukaguzi wa ndani, Cynthia Cooper, na timu yake ndogo walianza kuchimba. Walifanya sehemu ya kazi hiyo usiku ili wasishtukiwe na mabosi. Mmoja wao alikuwa fundi wa kompyuta, akapata njia ya kuchomoa miamala moja kwa moja kutoka kwa mfumo bila kuomba ruhusa kila saa. Wakapata dola bilioni 3.8 zilizowekwa mahali pasipofaa, na baadaye hesabu ikapanda hadi karibu bilioni 11. Hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote kwa taaluma hii, kwa sababu inaonyesha vitu viwili kwa pamoja. Data ilisaidia sana. Lakini Cooper alikuwa na kamati ya ukaguzi ya bodi ya kupelekea ripoti, watu ambao bosi wake hangeweza kuwazima, na kamati hiyo ilichukua hatua.

IFMIS: tuliahidiwa kitu kama hiki tayari

Wale mnaosema AI itamaliza wizi Treasury, hiyo ahadi si mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilianza kuweka mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha, IFMIS. Baada ya Katiba mpya ukasukwa upya na kupelekwa kwa wizara na kaunti. Wazo lilikuwa zuri: kila malipo yapite kwa mfumo mmoja, kila mtu aingie na password yake, kila hatua iache alama. Hakuna vocha ya kupotea kwa kabati.

Halafu 2015 ikafika stori ya NYS. Shilingi milioni 791. Na ndani ya hiyo stori kulikuwa na jambo ambalo kila mtu wa IT alilicheka akilia: maafisa walisema password zao zilitumika bila wao kujua. Mfumo ulikuwa na alama zote. Alama zilionyesha jina fulani liliidhinisha malipo. Mwenye jina akasema si mimi. Kwa hivyo ile alama ya kidijitali iliyotakiwa kumaliza ubishi ndiyo ikawa mwanzo wa ubishi.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, magazeti yakachapisha ripoti iliyovuja kutoka Wizara ya Afya. Safari hii zingatia: haikuwa ya Mkaguzi Mkuu. Ilikuwa ya ukaguzi wa ndani wa wizara yenyewe. Iliuliza maswali juu ya zaidi ya shilingi bilioni 5, ikazungumzia malipo yaliyolipwa mara mbili, pesa zilizohamishwa kutoka mahali zilipotengewa, na zile kliniki za kubebeka, makontena mia moja, yaliyokaa Miritini, Mombasa, badala ya kutibu watu. Wizara ilisema ripoti ilikuwa ya awali tu na haikuwa imekamilika. Mei 2017 Marekani ikasimamisha sehemu ya msaada wake kwa wizara hiyo, dola kama milioni 21, ikitaja wasiwasi kuhusu ufisadi na uhasibu.

Kwa hivyo mfumo ulikuwepo na ulifanya kazi yake. Mkaguzi wa ndani pia alifanya yake, akaingia kwa mfumo, akafuata pesa, akaandika. Na wewe na mimi tulijua kwa sababu moja tu: karatasi ilivuja. Ingebaki ndani ya jengo, pengine hadi leo hatungesikia.

Sasa AI inafanya nini kwa kweli?

Tuwache hofu na sifa. Nieleze kwa lugha ya mtaa.

Kitu cha kwanza: inamaliza sampuli. Mashine haichoki. Badala ya vocha mia moja kati ya elfu kumi, inapitia zote elfu kumi, na kesho inapitia tena. Makampuni kama MindBridge, iliyoanzishwa Ottawa, Canada mwaka wa 2015, yamejenga biashara nzima juu ya wazo hilo: kila muamala upewe alama ya hatari, na binadamu aanze na zilizo juu.

Kitu cha pili: inajifunza kilicho cha kawaida ndiyo iweze kukuonyesha kisicho cha kawaida. Ofisi hulipa wauza karatasi Jumanne na Alhamisi, kati ya elfu ishirini na elfu sitini. Ghafla kuna malipo ya Jumapili saa tano usiku, kwa kampuni iliyosajiliwa wiki mbili zilizopita, ambayo akaunti yake ya benki inafanana na ya mfanyakazi. Binadamu anaweza kuunganisha hizo dots nne akibahatika. Mashine inaziunganisha kabla chai haijapoa.

Kuna hata mbinu ya zamani ambayo sasa imepata nguvu mpya. Mwaka wa 1938 mwanafizikia Frank Benford alionyesha kwamba kwenye orodha nyingi za namba za kawaida, tarakimu ya kwanza haisambai sawasawa. Moja hutokea mbele karibu asilimia 30 ya wakati, tisa haifiki hata asilimia 5. Mtu akibuni namba kichwani, huwa anazisambaza vingine. Kwa hivyo risiti za kupika zinaweza kujitoa zenyewe. Hiyo haitoshi kumhukumu mtu, lakini inatosha kukwambia, "Anzia hapa."

Kitu cha tatu ni kipya kabisa: mashine sasa inasoma maneno. Mikataba, kumbukumbu za mikutano, barua. Juni 2024 sisi wenyewe tuliona nguvu ya hiyo kitu. Wakati wa Mswada wa Fedha, vijana Wakenya walitengeneza Finance Bill GPT, ukaweza kuuliza mswada mrefu uliojaa lugha ya mawakili swali la kawaida na kupata jibu kwa lugha ya kawaida. Mwingine akatengeneza Corrupt Politicians GPT, wa kuuliza kuhusu kesi zilizowahi kuwakabili viongozi. Tuseme ukweli: huo ulikuwa ukaguzi. Haukufanywa na mtu wa suti. Ulifanywa na wasee wa bedsitter na bando.

Kwa hivyo mimi siko hapa kuponda AI. Ningependa kila kaunti iwe na hiyo mashine leo.

Lakini mashine nayo nani anaikagua?

Hapa ndipo yule wa komenti ya tatu anafaa kukaa chini.

Uingereza, shirika la posta liliweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon mwaka wa 1999. Mfumo ulianza kuonyesha kwamba wasimamizi wa posta ndogondogo, watu wa kawaida wa vijijini, walikuwa na upungufu wa pesa. Walilia, wakasema hatujaiba, mfumo una kasoro. Wakaambiwa mfumo haukosei. Hadi 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa kwa sababu ya data ya Horizon. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, na kuna waliojiua. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ikasema waziwazi kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka wa 2024 kufuta hukumu hizo kwa wingi.

Uholanzi, maelfu ya wazazi waliambiwa ni walaghai wa marupurupu ya watoto, na sehemu ya waliolengwa ilichaguliwa na programu ya kupima hatari iliyohesabu hata kama mtu si raia. Januari 2021 serikali nzima ya huko ilijiuzulu.

Na Oktoba 2025 Deloitte, moja ya kampuni kubwa kabisa za ukaguzi duniani, ilikubali kurudisha sehemu ya malipo kwa serikali ya Australia kwa sababu ripoti iliyoiandikia ilikuwa na marejeo ya vitu visivyokuwepo, na AI ilikuwa imetumika kuiandaa. Hao ndio watu ambao kazi yao ni kuuliza "ushahidi uko wapi?"

Sasa lete hiyo Kenya. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu iliyotoka Machi 2025 iliuliza maswali kuhusu mfumo wa kidijitali wa bima ya afya, ule wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba serikali haiumiliki wala kuudhibiti mfumo huo. Soma tena polepole. Data ya afya yako, ya mathee wako, malipo ya hospitali, yote yanapita kwa mtambo, na mkaguzi anasema mtambo si wetu. Ukiweka AI juu ya mfumo kama huo, mkaguzi wa ndani ataomba kuona jinsi ilivyoamua, na anaweza kuambiwa hiyo ni siri ya mwenye mtambo. Hapo tutakuwa tumerudi 1973, isipokuwa safari hii hata faili la kuandika upya usiku halitahitajika.

Kuna jambo lingine la Kenya. Mashine inajifunza "kawaida" kutoka kwa miaka iliyopita. Je, kama miaka iliyopita wizi ndio ulikuwa kawaida? Kama kwa miaka kumi ofisi fulani imelipa bei mara tatu ya soko kwa kalamu, mashine itaona bei hiyo imenyooka, haina shida. Itamshtukia yule mpya anayeuza kalamu kwa bei ya haki. Mtu anayejua bei ya kalamu pale Burma ama Muthurwa angecheka. Mashine haijawahi kwenda Muthurwa.

Msee wa CPA, jibu lako ndilo hili

Malizia paper zako.

Kazi ya kuweka tiki inaenda, na tusidanganyane kuhusu hilo. Kama ndoto yako ilikuwa kukaa ukilinganisha risiti na daftari hadi ustaafu, hiyo ndoto imezeeka. Yule mwanafunzi wa attachment aliyekuwa akipewa mabox ya vocha azipange, hizo box zinapungua. Jifunze data. Jifunze kuuliza mfumo maswali, hata kama ni kwa spreadsheet tu, kwa sababu yule fundi wa timu ya Cooper ndiye alifungua mlango.

Lakini kuna kazi ambayo inabaki, na ndiyo ngumu zaidi. Mashine ikikuletea alama nyekundu 400 Jumatatu asubuhi, mtu lazima aamue zipi ni makosa ya kuandika, zipi ni mama wa posta asiye na hatia, na ipi ni wizi. Halafu mtu lazima atembee hadi ofisi ya mkubwa na kusema, "Hii sitasaini." Hakuna programu ya hiyo.

Na mtu huyo anahitaji ulinzi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu 2006, na Sheria ya Hongo ya 2016 ina kifungu cha kuwalinda wanaoripoti. Mswada kamili wa kuwalinda wafichuzi umekuwa ukija na kurudi kwa miaka. Kila ukisikia kiongozi akizindua mfumo mpya wa AI wa kupambana na ufisadi, muulize kwa nini ilikuwa rahisi kununua mashine kuliko kupitisha huo mswada. Munyakei hakukosa mashine. Alikosa kazi kesho yake, na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana, mfumo wowote ukiletwa, mimi nitauliza maswali matatu, na ningependa uyaibe uyatumie.

Moja: mfumo ni wa nani, na mkaguzi anaweza kuufungua hadi ndani bila kuomba muuzaji ruhusa?

Mbili: mashine ikitoa onyo, linafika kwa nani? Kama linafika kwa yule aliyeidhinisha malipo peke yake, hiyo si onyo, ni kumtonya. Lifike kwa kamati ya ukaguzi, na liwe na siku zinazohesabika za kujibiwa.

Tatu: mtu aliyeshtakiwa na mashine kimakosa, awe muuza duka, nesi ama karani, ana mlango gani wa kugonga, na kuna binadamu nyuma ya huo mlango?

Hapa Mbotela nyumba zetu ni za kaunti. Sewer ikifurika, barabara ya ndani ikikatika, taa ya usiku ikizima miezi mitatu, kuna mstari wa bajeti mahali unaosema pesa ilitengwa. Huo mstari uko wazi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu kwa kila kaunti zinawekwa kwa tovuti ya ofisi yake, bure, PDF ndefu ya kuchosha. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa kinga yao: nani atasoma kurasa mia tatu? Leo una simu inayoweza kukusomea, ukiikagua vizuri na kurudi kwenye ukurasa wenyewe kuhakikisha haijakubunia kitu.

Kwa hivyo kazi ya wikendi ni hii. Pakua ripoti ya kaunti yako ya mwaka wowote. Tafuta jina la wodi yako, ama soko lako, ama hospitali unayopeleka shosho. Chagua mstari mmoja tu, uende uangalie kwa macho kama hicho kitu kipo. Piga picha. Andika hapo chini umepata nini, na namba ya ukurasa. Nitakusanya zote na wiki ijayo tuzisome pamoja.